Nyumba na Makao

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Walitaka tusiisifu nyumba kwa uzuri wa mbele yake, bali tuingie ndani tuone kama mna amani na riziki. Mafundisho hayo ni ya kweli, lakini yaweza kutufikisha mbali zaidi. Tuseme umeufungua mlango, ukaingia, ukaona ukuta imara, paa lisilovuja, watoto wenye afya na sufuria motoni. Je, umekwisha kujua kama nyumba hiyo ni njema? Bado. Limesalia swali moja: hao waliomo humo, ni nani awezaye kuwaambia kesho watoke, na wakitoka wataelekea wapi?

Swali hilo ndilo shabaha ya insha hii, nalo si la kubuni. Katika nchi ya chai, Kericho na Bomet, limeulizwa kwa machozi na kwa hasira. Huenda msomaji kijana aliyezaliwa huko amelisikia mekoni kwao kabla ya kulisoma kitabuni.

Lugha zetu zenyewe zimekwisha kutuonyesha njia. Kwa Kiswahili nyumba na makao si kitu kimoja, wala nyumba si sawa na kwetu. Nyumba hujengwa kwa mawe, matofali au udongo, na fundi hodari huimaliza kwa miezi michache. Kwetu hujengwa polepole kwa kuzaliwa na kuzikana, kwa kukopeshana chumvi, na kwa kujulikana jina na jirani. Wakipsigis nao husema got wakitaja nyumba, na gaa wakitaja nyumbani. Ya kwanza yaweza kununuliwa. Ya pili haina bei. Nyumba hutukinga mvua. Makao hutukinga jambo zito kuliko mvua, yaani hofu ya kuwa mtu asiye na mahali pake siku nguvu zitakapomwishia.

Sasa na tuitazame nchi yenyewe. Kericho imejaliwa mvua karibu mwaka mzima. Asubuhi jua huangaza, alasiri mawingu hukusanyika juu ya msitu wa Mau, na jioni michai huwa imekwisha kunywa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1919, serikali ya kikoloni ilitenga sehemu kubwa ya ardhi hiyo kwa maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani, wapande kitani. Mradi ule haukudumu. Bei ya kitani ilianguka, na masetla wale wakatawanyika. Kisha katikati ya miaka ya 1920 yakaja makampuni makubwa ya chai, na vilima vikavikwa vazi la kijani ambalo hadi leo humstaajabisha kila mpita njia.

Chai haikubali kusubiri. Kila baada ya siku chache mchai huchipua, na yule achumaye majani mawili na chipukizi lake sharti awe karibu. Kwa sababu hiyo makampuni yalijenga vijiji katikati ya mashamba. Humo mlikuwa na nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kwa safu, maji, zahanati, shule ya msingi, na uwanja wa mpira. Watu walitoka Kipsigis, Kisii, Luo, Luhya na kwingineko, wakakaa bega kwa bega. Watoto wao walijifunza Kiswahili cha kijiji kabla ya kukijua cha darasani. Ilipopatikana Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, desturi hiyo ilikuwa na nguvu ya sheria nyuma yake: mwajiri sharti ampe mfanyakazi wake nyumba ifaayo, au ampe fedha za kutosha kupangia.

Lakini tazama neno lililofichika ndani ya sheria hiyo. Nyumba ni ya mfanyakazi maadamu yeye ni mfanyakazi. Siku kazi inapokwisha, kwa uzee, kwa ugonjwa au kwa kupunguzwa, ufunguo hurudishwa ofisini. Mtu aliyepoteza kazi mjini hupoteza mshahara. Mtu aliyepoteza kazi katika kijiji cha chai hupoteza mshahara, paa, jirani, shule ya watoto na zahanati kwa siku moja. Mambo matano yamefungwa kwa uzi mmoja, na uzi huo ukikatika yote huanguka pamoja.

Uzi huo umekuwa ukikatwa. Tangu miaka ya 2000 mashine za kuchuma chai zimeingia katika mashamba makubwa. Mashine moja, ikishikwa na watu wachache, hufanya kwa siku moja kazi ya wachumaji wengi. Nafasi za kazi zimepotea kwa maelfu, na chuki imeota mahali palipotoka watu. Mwezi wa Mei mwaka 2023 watu wenye ghadhabu waliteketeza mashine kadhaa huko Kericho. Mwaka huohuo na uliofuata, mashamba makubwa ya huko yalitangazwa kuuzwa kwa kampuni ya Sri Lanka. Nyumba zilikuwa ndani ya biashara hiyo pamoja na michai. Mtu aliyelala akiwa na mwenye nyumba mmoja aliamka akiwa na mwingine.

Hapa pana jambo la ajabu linalostahili kufikiriwa. Nchi hiyo haikosi watu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 901,777 katika Kaunti ya Kericho na 875,689 katika Kaunti ya Bomet. Kando ya barabara ya Litein hadi Mogogosiek mashamba ya urithi yamegawanywa na kugawanywa tena, mpaka baba hana cha kumkatia mwana wa mwisho. Ng'ambo ya ua wa michai zimo safu za nyumba ambazo watu wake wamepungua. Huku watu wanatafuta mahali. Kule mahali panakosa watu. Nani basi mwenye haki juu ya nyumba inayobaki tupu?

Jibu la kwanza, nalo ni jepesi, ni la mkataba. Husemwa kwamba mfanyakazi alijua tangu siku ya kwanza kuwa nyumba ni ya kampuni. Aliingia kwa hiari yake, alilipwa ujira wake, na sasa kazi imekwisha. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe, akalima, akalipwa, na safari imewadia. Tena ana shamba kwao alikotoka. Atakayelalamika na ailalamikie hati aliyoitia sahihi.

Jibu hilo lina sehemu ya ukweli, nasi tusilidharau. Ahadi ni nguzo ya maisha ya watu, na jamii isiyoheshimu mikataba haiwezi kujenga hata kibanda. Hata hivyo mkataba hupima vitu vichache tu. Hupima saa, kilo za majani na shilingi. Haupimi miaka thelathini ya mtu kukaa mahali. Mwanamke aliyefika kijijini akiwa msichana, akazaa hapo, akasomesha hapo, akamzika mumewe kutoka hapo, hakutoa kilo za majani peke yake. Alikifanya kijiji kiwe kijiji. Aliwalea watoto wa jirani zake mama zao walipokuwa shambani, na kwa sababu hiyo chai ilichumwa kwa wakati. Kazi hiyo kampuni iliipata bila kuiandika katika daftari lolote. Na yule asemwaye kuwa ana shamba kwao, pengine shamba hilo lilikwisha kugawanywa na ndugu zake alipokuwa akichuma chai, au kwao ni huku huku, kwa maana alizaliwa katika nyumba namba fulani ya safu fulani, asijue pengine.

Jibu la pili ni la mashine, nalo laelekea upande mwingine. Wapo wasemao kwamba mashine ni dhuluma na yafaa ivunjwe. Maneno haya hutoka katika uchungu wa kweli, lakini uchungu si daima mwalimu mzuri. Kuchuma kwa mkono, mgongo umeinama na kapu limelowa, si kazi ambayo mzazi humwombea mwanawe. Bei ya chai haiamuliwi Kericho bali hutegemea mnada wa Mombasa na wanunuzi walio ng'ambo. Katika nchi ya Japani chai imekatwa kwa mashine miaka mingi sasa. Tukiichoma mashine tutakuwa tumekipiga chombo, na aliyekishika tumemwacha. Shida haiko katika mashine kumpunguzia mtu kazi. Shida ni kwamba faida ya kupunguziwa huko ilikwenda kwa mmoja, na hasara ikaenda kwa mwingine, wala hawakukaa pamoja kuigawa.

Jibu la tatu lachimba chini ya nyumba yenyewe, ndani ya udongo. Kabla ya kampuni na kabla ya mfanyakazi, ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Familia za Wakipsigis ziliondolewa zikapelekwa penginepo ili nafasi ipatikane. Mwaka 1934 ilitungwa sheria mahsusi ya kuuhamisha ukoo wa Talai, nao wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali kwamba watu hao walidhulumiwa. Kwa hiyo anapotokea mjukuu wa aliyeondolewa akasema, "Nyumba hiyo, tupu au imejaa, imesimama juu ya kaburi la babu yangu," hasemi upuuzi.

Basi tumewaona watatu wamesimama mbele ya mlango mmoja: mwenye hati, mwenye jasho na mwenye asili. Kila mmoja ana neno la haki mdomoni. Makosa makubwa ya zama zetu hutokea pale mmoja wao anapodhani kwamba kwa kuwa yeye ana haki, wengine hawana. Mwenye hati akidhani hivyo, huwafukuza wazee bila huruma. Mwenye asili akidhani hivyo, humgeukia jirani aliyezaliwa safu ya pili na kumwita mgeni. Mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, jambo hilo lilitokea: wafanyakazi wengi waliotoka sehemu nyingine walikimbizwa kutoka vijiji vya chai wakiacha vyombo na wengine wakiacha maiti. Wala haki ya mwenye asili haikupatikana kwa damu ile. Dhuluma ya kale haiponywi kwa dhuluma mpya, huzaa mwenzake.

Yafaa sasa tuangalie mbali, kwa kuwa aliyetangulia njiani huweza kutuambia penye shimo. Japani ni nchi ambayo watu wake wanapungua. Hesabu ya nyumba iliyofanywa huko mwaka 2023 ilionyesha kwamba nyumba milioni 9 hivi hazina watu. Katika kisiwa cha Hokkaido uko mji uitwao Yubari, uliojengwa kwa makaa ya mawe kama vijiji vyetu vilivyojengwa kwa chai. Makampuni ya migodi yalijenga nyumba za wachimbaji, hospitali na mifereji ya maji. Mwaka 1960 mji ulikuwa na watu karibu 117,000. Kisha mafuta ya petroli yakashinda makaa, migodi ikafungwa mmoja mmoja, na wa mwisho ukafungwa mwaka 1990. Makampuni yakaenda zake. Nyumba, hospitali na maji vikauangukia mji, uubebe mzigo peke yake.

Wakuu wa mji walifikiri utalii utawaokoa. Wakakopa fedha, wakajenga bustani ya michezo, makumbusho ya makaa, hoteli na mahali pa kuteleza juu ya theluji. Wageni hawakutosha, na madeni yakaongezeka. Mwaka 2007 mji ukawekwa chini ya uangalizi wa serikali kama mtu aliyefilisika. Kodi zikapandishwa, wafanyakazi wa mji wakapunguzwa, shule za msingi zikaunganishwa mpaka ikabaki moja. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta watu 7,300 hivi.

Lakini hadithi ya Yubari ina mafundisho mawili, si moja. Baada ya kuanguka, watu wa mji pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Hokkaido walikaa kutengeneza mpango, uliotolewa mwaka 2012. Waliacha kujidanganya kwamba watu watarudi. Wakauliza namna gani mji uwezavyo kupungua bila kumwacha mzee mmoja peke yake katika jengo la vyumba ishirini lililofunikwa na theluji. Wakapanga kuwasogeza watu taratibu, jirani pamoja na jirani yake, wakae karibu na maduka na daktari. Walikubali kwamba mji waweza kuwa mdogo bila kuwa mwovu. Kupungua si aibu. Aibu ni kupungua huku wenye nguvu wametangulia kuondoka na wanyonge wameachwa wafunge mlango.

Mafundisho ya kwanza ya Yubari yatufaa sana sisi, kwa sababu hata huku liko wazo la kuwa wageni wataijaza nafasi ya wachumaji. Wazo hilo si baya lote. Kericho ina mambo ya kumvuta mgeni: vilima vyenyewe, bustani ya miti ya Chagaik, na hekalu la Masingasinga lililo miongoni mwa makubwa zaidi katika Afrika, ambalo waumini hulizuru kutoka nchi nyingi. Katika miaka ya 1950 kampuni ya chai ilijenga Tea Hotel mjini Kericho, nayo ikawa na sifa njema kabla ya kuchakaa. Hata hivyo mgeni huja na huenda. Huja bei ya nauli ikiwa nafuu na nchi ikiwa tulivu. Yakitokea maradhi kama ya mwaka 2020, haji kabisa. Usiache mbachao kwa msala upitao. Utalii waweza kuwa kitoweo cha nchi ya chai, lakini ugali wake utoke penginepo.

Iko hatari nyingine iliyo kinyume cha hiyo: wageni wakija kwa wingi mno. Katika mji wa Kyoto nyumba nyingi za kale zimegeuzwa malazi ya watalii, na familia changa zimeshindwa na bei. Nasi tunaye jirani wa kutufundisha. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na tangu hapo majumba mengi yamekuwa hoteli huku wenyeji wengi wakihamia mitaa ya nje. Sasa hebu fikiri safu ya nyumba za wachumaji imepakwa rangi mpya, na mgeni analipa kwa usiku mmoja zaidi ya mshahara ambao mchumaji aliupata kwa wiki, ili aonje maisha ya mchumaji asiyekuwapo. Nyumba imejaa tena, lakini makao hayamo. Picha ya kwetu imeuzwa, na mwenye kwetu yuko nje ya ua.

Ikiwa ndivyo, yatupasa nini? Naona mambo matatu, na kila moja latokana na yale tuliyokwisha kusema.

La kwanza ni kuambiwa mapema. Mwenye hati ndiye ajuaye kwanza kwamba mashine zinakuja au kwamba shamba litauzwa. Kuficha jambo hilo mpaka siku ya barua ni kumwibia mtu muda, nao muda ndio mali pekee ambayo kwayo mnyonge hujiokoa. Akiambiwa miaka kabla, aweza kuweka akiba, kununua kipande cha ardhi, au kumfundisha mwanawe kazi nyingine.

La pili ni kushauriana. Kijiji kinapopungua, shule ipi ifungwe, nyumba zipi zivunjwe na zipi wauziwe waliokaa humo, ni maswali ya wote watatu tuliowaona mlangoni. Mwenye asili awepo, kwa maana ardhi ina madai yake. Mwenye jasho awepo, kwa maana ndiye atakayelala nje. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kuwa na nyumba ifaayo. Haki hiyo haitatimia ikiwa kila mmoja ataingia mkutanoni akitumai kuwatoa wengine.

La tatu ni kutoacha mtu wa mwisho. Haki ya mpango wa makao haipimwi kwa hali ya kijana mwenye nguvu, kwa kuwa huyo atapata pengine. Hupimwa kwa hali ya ajuza aliyebaki katika safu yenye milango kumi iliyofungwa.

Huenda mtu akasema kwamba huruma ina gharama, na kampuni si baba wa mtu. Ni kweli ina gharama. Lakini ukatili nao una gharama, tofauti ni nani ailipaye. Kampuni isipolipa, hulipa kaunti. Kaunti isipolipa, hulipa ndugu mwenye nusu ekari huko Konoin. Naye akishindwa, hulipa mtoto kwa kuacha shule. Hakuna hesabu inayofutika kwa kutoandikwa. Heri basi iandikwe mapema, mbele ya wote, na abebe zaidi yule mwenye mgongo mpana.

Wewe msomaji kijana, siku moja utakuwa mmoja wa watu hawa. Huenda utakuwa mhandisi wa mashine, au diwani wa kaunti, au mwenye hisa katika kampuni, au mpangaji katika mji ambao hujauona bado. Utapewa karatasi yenye hesabu ya nyumba, na utaombwa uweke alama kwenye zile zinazopaswa kufungwa. Kabla ya kushika kalamu, uliza majina ya waliomo, uulize wamekaa miaka mingapi, tena uulize watalala wapi.